Bati Tupu Lisilale: Praima Ipi Hutangulia Kwenye Gari la Zamani

Gari likipigwa rangi mwezi wa kwanza, hubaki zuri mpaka masika. Kufikia mwezi wa tano, chini ya milango na kuzunguka madigadi huota vipele vidogo, kama vile vya joto vinavyomtoka mtoto shingoni. Toboa kimoja kwa ncha ya pini: hutoka tone la maji, na ukiikwangua ngozi ya rangi kwa kucha unakuta bati jeusi au la kahawia. Mwenye gari humlaumu muuza rangi, fundi huilaumu mvua. Mara nyingi rangi haina kosa lolote. Kosa lilifanyika siku ile bati lilipokuwa wazi, kati ya grainda na koti la kwanza la praima, ile rangi ya msingi inayoshika bati.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kila fundi ana mpangilio wake. Mmoja atakwambia bati lioshwe kwa asidi kwanza. Mwingine anataka andakoti nyekundu mara moja, "kutu isiingie". Wa tatu haamini kitu ila epoksi, na wa nne anakandika puti, ile ya kujazia mabonyeo, juu ya bati tupu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na kazi zake zimedumu. Karibu wote wana haki kwa sehemu. Kila njia ina mahali pake, na zinaharibika pale mtu anapochukua nusu ya hii na nusu ya ile. Makala hii inazitenganisha, na inashikilia jambo moja kuliko mengine yote: bati lililofunguliwa leo lifungwe leo.

Unyevu, chumvi na saa ya kufanya kazi

Chuma hupata kutu kinapokutana na oksijeni na maji kwa pamoja, na maji hayo si lazima uyaone. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 60, utando mwembamba sana wa maji hukaa juu ya bati na kazi inaanza. Pakiwa na chumvi, hata unyevu mdogo zaidi unatosha. Ndiyo maana chumvi ni ya kuogopwa kuliko mvua. Rangi yoyote, hata ya bei ghali, hupitisha mvuke kidogo kidogo. Chumvi iliyonaswa chini yake huuvuta mvuke huo, ikayeyuka ndani yake, likawa tone, na tone likaisukuma rangi juu. Kipele kimezaliwa.

Chumvi hiyo hutoka wapi huku bara, mbali na bahari? Hutoka kwenye jasho la kiganja kilichopapasa bati ili kuhisi kama limenyooka. Hutoka kwenye maji ya bomba yaliyoachwa yakauke yenyewe. Hutoka kwenye asidi isiyofaa, jambo tutakalolirudia. Na kwa magari ya watalii yanayokwenda Ziwa Natron au Manyara, hutoka kwenye vumbi la magadi lililojificha ndani ya maungio ya milango na juu ya chasisi. Magadi ya Natron yana chumvi ya kawaida ndani yake pia.

Halafu kuna umande. Arusha iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi nyingi wingu linakuwa limeukumbatia Mlima Meru mpaka saa nne. Chukua asubuhi ya nyuzi 16 yenye unyevu wa asilimia 90: kitu chochote chenye joto la nyuzi 14 au chini yake kitatokwa na maji. Bati lililolala nje hupoa kuliko hewa inayolizunguka, kwa hiyo saa moja asubuhi limeshalowa ingawa hakuna aliyeona tone. Kanuni wanayoitumia wapaka rangi wa madaraja na matangi inafaa hapa bila kubadilishwa: bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kile kiwango ambacho umande hutua. Kwa Arusha ya kipupwe, maana yake ni kwamba bati tupu liguswe kuanzia saa nne asubuhi, na koti la mwisho la praima liwe limeshapigwa kabla ya saa tisa alasiri, ili lipate muda wa kushika kabla baridi haijarudi.

Mjini Moshi tatizo hugeuka. Mji uko chini zaidi, na kati ya Januari na Machi bati lililo juani linachoma. Praima hukauka ikiwa bado hewani na kutua kama unga. Ukipitisha mkono unahisi chengachenga, na chini ya chengachenga hizo kuna nafasi za maji kukaa. Weka kiganja upande wa ndani wa boneti, si upande utakaopakwa. Usipovumilia kwa sekunde 5, sogeza gari kivulini na usubiri.

Kutokana na hayo, usivue gari zima rangi kwa mpigo. Linapendeza kwenye picha, gari lote likiwa jeupe kama kijiko kipya, lakini hakuna gereji ya kawaida inayoweza kusafisha na kufunga mita za mraba kumi na zaidi kwa siku moja. Fungua boneti, ifunge. Kesho mlango.

Kufika kwenye bati

Gari lioshwe kabla ya msasa wa kwanza. Hili huachwa sana, kwa hoja kwamba vumbi linakuja tu. Lakini mafuta, nta na silikoni ya kung'arishia matairi vikiwa juu ya rangi, msasa huvisukuma ndani ya mikwaruzo, na ukishafika huko hakuna kitambaa kinachovitoa vyote. Sabuni, brashi na maji mengi, juu na chini ya gari, likauke, kisha dawa ya kuondoa mafuta na nta, ndipo msasa.

Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba juu ya mwili wote. Pale inapolegea pana puti ya zamani, na puti nene ya zamani karibu kila mara inaficha kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Chokonoa sehemu za chini kwa bisibisi: pembe za chini za milango, boksi la chini ya milango, sehemu ya sakafu penye miguu ya dereva, na pale betri inapokaa. Bisibisi ikipenya, au bati likibonyea kama karatasi, hapo pakatwe. Hakuna praima inayorudisha chuma kilichokwisha. Kiraka kiwe cha bati la unene wa milimita 0.9 hadi 1.2, kiunganishwe ukingo kwa ukingo. Ukikipandisha juu ya bati la zamani unajenga mfuko wa maji. Pale ambapo huna budi kupandisha, paka praima ya zinki kati ya mabati mawili kabla ya kuchomelea, na uzibe ukingo kwa sila, ile gundi ya kuzibia maungio, baada ya praima. Gamba la fimbo ya kuchomelea nalo ling'olewe lote, kwa sababu mabaki yake hula rangi kutokea chini.

Kwa kuvua rangi, chombo kinachofaa mwili wa gari ni diski ya nailoni, ile nyeusi yenye matundu kama sponji. Huondoa rangi, puti na kutu ya juu bila kukata bati. Grainda yenye jiwe haifai kabisa. Bati la boneti lina unene wa chini ya milimita moja; ukikaa mahali pamoja linapata joto, linatanuka, linabonyea na halirudi. Ukiona rangi ya buluu imetokea juu ya chuma, joto limeshafika karibu nyuzi 300 na bati hilo limeshapata mawimbi. Pita haraka, badilisha sehemu, uache ipoe.

Dawa ya kuvulia rangi ni nzuri kwenye maeneo mapana, ila iishie sentimita 5 kabla ya maungio. Ikiingia kwenye mkunjo wa mlango haitoki, na itachuruzika miezi baadaye kupitia rangi mpya. Kupuliza mchanga kwa kompresa kunafaa chasisi, bawaba na ringi. Kwenye boneti na milango hugonga upande mmoja wa bati mpaka linajikunja. Na mchanga wa mtoni usitumike popote: vumbi lake lina silika, na silika huua mapafu polepole bila dawa ya kuyarudisha. Vumbi la rangi za zamani nalo linaweza kuwa na risasi, kwa hiyo kitambaa puani hakitoshi. Vaa barakoa yenye vichujio, na watoto wasicheze karibu.

Baada ya diski, pita na msasa namba 80 mkavu, kisha namba 120. Huna haja ya kwenda laini zaidi. Praima inahitaji mikwaruzo ya kushikia, na bati linalong'aa kama kioo ni bati ambalo praima itateleza. Kingo za rangi ya zamani zisiishie kama ngazi: zisagwe mpaka kila koti lionekane kama pete, nyekundu, kijivu, nyeupe, kila pete na upana wake.

Madoa meusi

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, basi tukae kidogo.

Chukua bati ambalo limesagwa na linaonekana jeupe. Washa tochi ya simu na uilaze karibu kabisa na bati, mwanga upite sambamba na uso wake. Utaona vidoa vyeusi, vingine vidogo kama punje za ulezi, vimejipanga kwa makundi. Ukivigusa havina unga, na kidole hakichafuki. Wengi husema hiyo ni rangi ya chuma chenyewe. Sivyo. Ni mashimo madogo yaliyochimbwa na kutu, na kutu ingali ndani, imeshindiliwa. Brashi ya waya ndiyo hasa inayodanganya: inaing'arisha kutu hiyo mpaka inafanana na chuma, lakini haiitoi, maana nyuzi zake ni nene kuliko mdomo wa shimo. Kwenye mashimo hayo ndimo chumvi inamoishi.

Ziko njia mbili za kuyasafisha. Ya kwanza ni kupuliza kwa kifaa kidogo cha mkono, doa kwa doa, kwa chembe zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa muda mfupi ili bati lisipinde. Ya pili ni asidi ya fosforasi. Hii hugeuza kutu kuwa fosfati ya chuma na hufika ndani ya shimo kuliko waya wowote. Paka kwa brashi, sugua, iache dakika 10 hadi 15, lakini isikauke. Ikianza kukauka ongeza nyingine. Futa, tazama tena kwa tochi, rudia. Mashimo marefu yanaweza kudai mara tatu au nne. Vaa glavu na miwani.

Usibadilishe asidi hii kwa ile ya kusafishia choo wala kwa asidi ya betri. Zote hula kutu, tena kwa kasi ya kufurahisha, na bati hutoka jeupe ndani ya dakika. Lakini asidi ya chooni aghalabu ni hidrokloriki, na inachoacha ndani ya shimo ni kloraidi, yaani aina ileile ya chumvi unayojaribu kuikimbia. Bati lililooshwa nayo hurudi na kutu ya machungwa kabla hujamaliza kunywa chai.

Baada ya asidi ya fosforasi, suuza kwa maji mengi. Msuuzo wa mwisho uwe wa maji yasiyo na chumvi: maji ya mvua yaliyokingwa safi, au yale maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu rafu hiyohiyo huwa na asidi ya betri. Kisha kausha papo hapo, kwa kitambaa, hewa ya kompresa na joto la mashine ya kukaushia nywele, hasa kwenye mikunjo. Ukiona utando wa machungwa mwepesi umetokea ndani ya dakika chache, usiogope na usiupake praima. Ni kutu ya papo hapo, inaondoka kwa msasa namba 120 mkavu.

Njia mbili zisizochanganywa

Sasa lile fundo lenyewe. Praima za kuanzia juu ya bati tupu ziko za aina tatu zinazokutana madukani.

Andakoti nyekundu ya kopo moja hukauka kwa thina kuruka tu. Haijiungi kikemia, kwa hiyo thina ikiifikia tena inalainika. Weka juu yake rangi ya sehemu mbili, yaani inayochanganywa na hadina (dawa ya kukaza), na thina yake kali, na mara nyingi andakoti hukunjamana kama ngozi ya maziwa. Inafaa geti na trela. Kwenye gari unalolipenda, isitumike kama msingi, na ukikuta imeshapigwa, ifanyie jaribio: lowesha kitambaa kwa thina, kibane juu yake kwa nusu dakika. Ikitoka nyekundu, ivue.

Praima ya echi ina asidi ndani yake, inang'ata chuma na kushika sana. Hupigwa nyembamba mno, kama mikroni 10 (sehemu moja ya mia ya milimita), unene ambao bado unaliona bati kwa mbali. Ukiipiga nene asidi yake haimaliziki na koti hubaki laini. Haizuii maji, kwa hiyo lazima ifunikwe siku hiyohiyo. Na juu yake haiwekwi puti: hadina ya puti na asidi ya echi hupigana, na puti hung'oka kwa mapande.

Praima ya epoksi haing'ati. Inashika kwa mikwaruzo ya msasa na kwa gundi yake yenyewe, na ndiyo inayozuia maji kuliko zote tatu. Hadina yake kwa kawaida ni ya jamii ya amini, na amini hailewani na asidi. Hapo ndipo lilipo fundo. Mtu amesikia asidi ni nzuri, amesikia echi ni nzuri, amesikia epoksi ni nzuri, anaziweka zote tatu moja juu ya nyingine akidhani anajenga ukuta mara tatu. Asidi iliyobaki chini inakula hadina ya epoksi, sehemu ya chini kabisa haikomai, na mwaka unaofuata rangi inavuliwa kwa kucha kama ganda la yai, ikiwa kipande kizima chenye makoti yote.

Kwa hiyo chagua. Ama bati safi, echi, kisha praima ya kujaza (ile nene ya kuziba mikwaruzo) ya sehemu mbili. Ama bati safi, epoksi, kisha mengine yote. Kwa gari la zamani lenye mashimo ya kutu, litakaloishi kwenye barabara za vumbi na masika ya huku, tunasimama na epoksi bila kusita. Asidi ya fosforasi inaruhusiwa kwenye njia ya epoksi ikiwa imesuuzwa na eneo limepitiwa tena na msasa namba 120 mpaka ule utando wa kijivu umetoka na chuma kinaonekana. Karatasi ya litmasi ya buluu, ile ya maabara ya shule, ikiwekwa juu ya bati lenye unyevu na isigeuke nyekundu, umefika. Kopo likisema tofauti na haya, fuata kopo, aliyeitengeneza anaijua.

Siku ya epoksi

Kati ya msasa wa mwisho na koti la kwanza pasipite zaidi ya masaa 4. Siku ya ukungu, punguza.

Puliza vumbi, kisha futa kwa vitambaa viwili: cha kwanza kimeloweshwa dawa ya kuondoa mafuta, cha pili kikavu, kinachofuata nyuma kabla dawa haijaruka. Ukiiacha ikauke yenyewe, mafuta yaliyoyeyuka yanarudi palepale, yametandazwa tu. Geuza vitambaa mara kwa mara, endelea mpaka kile cheupe kibaki cheupe. Usifute kwa mafuta ya taa wala petroli, wala thina ya bei rahisi iliyorejeshwa. Zote huacha utando wa mafuta, na praima hukimbia juu yake na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Tangu hapo bati liguswe kwa glavu tu.

Sasa vipimo. Kila epoksi ina uwiano wake, moja kwa moja, mbili kwa moja au nne kwa moja, kwa ujazo. Tumia kikombe chenye mistari. "Kwa jicho" ni chanzo cha epoksi isiyokauka wiki nzima, na kuongeza hadina hakuharakishi kitu. Epoksi si puti, kila tone la hadina lina mwenzake. Koroga dakika 3 ukikwangua kuta za kikombe. Epoksi nyingine hutaka zikae dakika 15 hadi 30 baada ya kukorogwa kabla ya kupigwa.

Kiasi gani? Chukua boneti ya mita 1.4 kwa 1.2, yaani mita za mraba 1.7 hivi. Unataka makoti mawili yatakayobaki na unene mkavu wa mikroni 70 kwa jumla. Kwa epoksi ambayo asilimia 40 ya ujazo wake hubaki baada ya thina kuruka, boneti inahitaji mililita 300 zinazotua juu ya bati. Lakini gani ya kupulizia hupoteza hewani kama asilimia 40. Changanya nusu lita. Anayepiga boneti kwa robo lita amepaka rangi ya kijivu, hajapaka kinga.

Toa maji kwenye tangi la kompresa kabla ya kuanza, na weka chujio la maji karibu na gani, si karibu na kompresa, kwa kuwa hewa hupoa na kutoa maji njiani. Mdomo wa gani milimita 1.4 hadi 1.8, shinikizo bar 2, umbali sentimita 15 hadi 20, kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Kingo na mikunjo kwanza. Acha dakika 20 hadi 30 kati ya koti na koti. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Na praima za kujaza na rangi za sehemu mbili zenye aisosayaneti (sumu iliyo kwenye hadina yake) zinataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Baridi ikiingia, epoksi husinzia. Chini ya nyuzi 15 inakomaa polepole sana, na chini ya 10 karibu inasimama. Hapo ndipo mtu huwaza kuwasha jiko la mkaa na kufunga milango. Usifanye hivyo hata kidogo. Mvuke wa thina unaweza kulipuka, hewa ya mkaa inaua mtu kimya kimya, na hata mambo hayo mawili yakikuepuka, kabonidioksaidi ya mkaa pamoja na unyevu hufanya uso wa epoksi kutoka jasho lenye utelezi kama sabuni, ambalo koti linalofuata haliwezi kulishika. Taa za umeme za joto zinafaa, zikiwashwa baada ya mvuke kutoka. Bila taa, subiri siku ya jua.

Epoksi iliyokomaa inaweza kukaa ndani ya gereji kwa wiki huku ukishughulikia milango mingine, ila jua huigeuza unga, na muda wake wa kupokea koti bila msasa ukipita, iparuze kwa namba 320.

Puti iko wapi

Puti juu ya bati tupu lililosagwa kwa namba 80 si kosa. Kampuni nyingi zinairuhusu. Udhaifu wake ni kwamba bati linabaki wazi kwa siku nzima ya kukandika na kusugua. Tunapendelea puti juu ya epoksi iliyokomaa na kuparuzwa kwa namba 120: ukisugua ukafika chini, unakutana na kinga kabla ya chuma. Gramu 2 za hadina kwa gramu 100 za puti; joto la Moshi likikufanya upunguze mpaka gramu moja, puti haitakomaa, na ukizidisha, wekundu wa hadina utapenya na kutokea kama doa kwenye rangi nyeupe. Changanya kidogo kidogo badala yake.

Na puti isisuguliwe kwa msasa wa maji. Ina talki ndani, inanyonya kama sponji, na maji hayo huyaoni tena mpaka yanapotafuta njia ya kutoka. Sugua kikavu. Ulipofikia bati, piga epoksi tena siku hiyohiyo.

Land Rover na alumini yake

Land Rover za zamani, zile 109 na ndugu zake ambazo bado zinapanda mashambani kuelekea Kibosho na Monduli, zina mabati ya nje ya aloi ya alumini juu ya chasisi na fremu za chuma. Sumaku haitashika, na sheria hubadilika. Usitumie brashi ya waya wa chuma wala msasa uliokwishagusa chuma. Chembe za chuma huzama kwenye alumini na kuota kutu humo. Msasa mpya, namba 120 hadi 180, na praima ndani ya saa moja, kwa sababu alumini hujivika utando wake upya upesi. Hapa echi ina heshima yake kamili, ingawa epoksi nyingi nazo hushika vizuri.

Unga mweupe chini ya mlango wa Land Rover hutokea pale alumini inapogusana na chuma penye maji: alumini ndiyo inayoliwa. Safisha, piga epoksi pande zote mbili, kisha weka washa za nailoni na sila kati yake wakati wa kurudisha boliti. Gari la Natron lisuuzwe ndani ya milango kwa maji mengi kabla ya yote, maana magadi yakilowa huula ule utando unaoilinda alumini.

Mwishoni mwa kazi

Sila ya maungio hupakwa juu ya epoksi, kamwe si juu ya bati tupu. Baada ya rangi ya mwisho kukomaa, ndani ya milango na maboksi ya chini hupuliziwa nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake, kwa kuwa huko msasa haukufika. Kisha chukua waya mwembamba, piga magoti, uzibue kila tundu la kutolea maji chini ya milango. Baada ya puti, sila na makoti matano, mengi huwa yamezibwa, na mlango uliozibwa hujaa maji kwa mvua moja ya Aprili.